Eda ya Pili ya Lalla Rqia

Fes, 11 Januari

Kwa mdogo wangu Jaouad,

Assalamu alaikum. Nakusalimu kwa kuwa salamu ni ya Mungu, si yako.

Huku Fes hatujambo. Baridi imeshika, bomba la jikoni limepasuka, na fundi amekuja, amelitazama, amekunywa chai na kwenda zake. Shangazi Hniya anakohoa ila ulimi wake mzima, anakuulizia kila siku. Mchungwa wa uani umezaa mpaka majirani wamechoka kupokea. Mkeo Bahija na watoto nadhani hawajambo. Ningejua zaidi kama simu zangu zingepokewa na mtu mwingine asiyekuwa yeye. Nikipiga adhuhuri umelala, nikipiga alasiri umelala. Mtu wa kulala hivyo ama ni mgonjwa ama ana kesi. Ndiyo maana naandika.

Jaouad, Mama yuko wapi?

Ulikuja mwezi wa kumi, ukanywa chai yangu, ukaniambia unampeleka Casablanca kwa daktari wa kichwa, wiki moja tu. Nikamfungia nguo za wiki moja. Juzi nikiwa harusini ndipo Shangazi Hniya alipoiropoka mbele ya wanawake wote, kwamba Bibi Lalla Rqia, mama yetu, mke wa marehemu Bwana Si Thami, amewekwa katika nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu. Mama mmoja akaniuliza, "Maskini, kwani hana watoto?" Nilikuwa nimeshika bakuli la maziwa na sahani ya tende za bibi harusi. Sikujua niviweke wapi.

Watoto anao. Mmoja amemwogesha, amemlisha na kumsuka nywele tangu Baba alipofariki, miaka minane. Mwingine ni wewe.

Mrudishe mwenyewe, kabla sijaja kumchukua.

Dada yako,
Zhor


Casablanca, 3 Februari

Kwa Dada Zhor,

Waalaikumu salaam. Barua yako imefika. Bahija ameisoma pia, kwa hiyo salamu zako amezipata kama ulivyozituma. Watoto wazima, Ilyas ameanza kuvaa miwani. Shangazi Hniya mpe pole ya kikohozi, na umwambie ulimi nao unahitaji kupumzishwa.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungelala kizingitini nikuruke. Daktari amesema Mama anahitaji watu wa zamu, mchana na usiku, na wewe ni mmoja na magoti yako mabovu. Na usinilazimishe kuandika habari za kiangazi kilichopita, alipopatikana makaburini Bab Ftouh hana viatu, anawauliza wapita njia kama wamemwona Si Thami. Mimi uliniambia "alitoka kidogo." Ukweli nimeupata kwa muuza ndimu. Tangu hapo ukawa unamfungia mlango kwa nje ukienda sokoni. Haya, nimeandika.

Nyumba yenyewe si jela. Ina ua mkubwa wenye kivuli, na milango ya vyumba imepakwa rangi mbalimbali ili kila mtu ajue chake. Wa Mama ni wa kijani. Asubuhi wanamenya maharage pamoja, na anawakemea wenzake kwamba wanamenya kama watu wa mashamba. Kuna mzee aliyekuwa karani wa bandari. Kila jioni anafunga kibegi anaaga kwamba meli inaondoka. Wanamwambia meli imechelewa, alale kwanza. Analala. Hakuna anayemwambia kwamba amestaafu na meli hana.

Mama ana raha. Ananitambua vizuri. Kila Ijumaa nikiingia uso wake unafunguka, na tunakula kuskusi pamoja.

Ila usije kwanza. Wasimamizi wanataka azoee. Wakati ukifika nitakwambia.

Jaouad


Fes, 14 Februari

Jaouad,

Salamu. Bomba limetengenezwa. Shangazi Hniya anasema ulimi wake aliupata kwa ukoo mmoja na wako.

Unaniambia nisiende kwa mama yangu mzazi mpaka unipe ruhusa. Nimesoma mara mbili nikidhani macho yamenidanganya.

Zhor


Fes, 26 Machi

Jaouad,

Nimefika salama, kama ulikuwa na wasiwasi, na najua hukuwa nao. Treni ilikaa Meknes mpaka abiria wakaanza kugombana. Mchungwa umeanza kutoa maua. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa tuingie kwenye yetu.

Nataka haya yaandikwe, ili siku tutakaposimama mbele ya Mola usijitie hamnazo.

Nilifika Ijumaa baada ya swala. Yule msimamizi, Bi Wafae, mwenye sauti ya kubembelezea vichanga, akanizuia mlangoni. "Leo ana mgeni, Lalla. Mumewe yuko ndani, tumewaacha wale kwa nafasi." Nikadhani mwanamke huyu naye ni mgonjwa wa humo humo. Nikampita. Nikautafuta mlango wa kijani, nikaufungua, na Mungu ni shahidi, nikamwona Baba.

Jelaba yake ya sufi ya kahawia, niliyoitafuta sandukuni nikadhani nondo wameimaliza. Kumbe nondo ni wewe. Kofia yake nyekundu. Umeketi mkao wake, goti moja juu, unaviringa tonge la kuskusi kiganjani, na Mama anakugombeza.

"Si Thami, wiki nzima umenitupa! Ulikuwa wapi, umeoa?"

Nawe, mwanamume mzima mwenye mvi, mke na watoto, ukamjibu kwa sauti ya Baba ile ile, "Nimeoa huyu mmoja na kelele zake zinanitosha."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi hajacheka nami hivyo kwa miaka minane.

"Ananitambua vizuri," uliniandikia. Hakutambui, Jaouad! Anamtambua marehemu, na wewe umemvaa marehemu. Ndiyo maana hukutaka nije. Njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye mlango wa kijani.

Ndiyo, nilipiga kelele. Ndiyo, nilimshika mikono nikamwambia, "Mama, huyu siye Si Thami. Mumeo Si Thami alikufa. Tulimzika, ukakaa eda, na mimi nilikaa nawe." Nisingemwambia mimi, nani angemwambia? Kumdanganya mtu juu ya maiti yake ni dhambi. Na kumketisha na mwanawe akidhani ni mumewe, astaghfirullah, naona haya hata kuiandika.

Kisha ukanisukuma ukutani mbele ya wageni. Na hilo liandikwe.

Zhor


Casablanca, 19 Aprili

Zhor,

Nimesikia Shangazi Hniya amelazwa. Mungu ampe afueni. Sisi tupo.

Sikukusukuma. Nilikuondoa njiani nimwahi Mama asianguke. Nikifikiria sasa, najuta kwa nini sikukusukuma kweli.

Unataka kujua habari ya jelaba? Alipoingia mle alikataa kula. Siku ya tatu nilikwenda nimeivaa kwa ajili ya baridi. Niliichukua sandukuni kwa kuwa ilikuwa bado ina harufu ya Baba, na mimi pia nilifiwa, ingawa wewe unajiona ndiwe uliyefiwa peke yako. Akaniona, akasema, "Si Thami, umechelewa, chakula kimepoa." Akala. Sema wewe mcha Mungu, ungelimjibu nini?

Lakini wewe hukubaki kuona ulichokifanya. Uliwahi treni. Basi soma.

Alilia kilio cha mjane mpya, cha kujipiga mapaja. Kisha akanyamaza, akaomba nguo nyeupe za eda. Wakampa, wakidhani zitamtuliza. Sisi tulijua atasahau, maana anasahau kila kitu, chakula alichokula na mtoto aliyemzaa. Na kweli anasahau. Ila asubuhi akiamka anajiona mweupe tangu kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Anauliza, "Nani amekufa?" Halafu anajijibu mwenyewe, kwa sababu mwanamke wa kwetu havai hivyo kwa mwingine ila mumewe. Wewe ulimuua Baba mara moja. Nguo inamuua kila asubuhi, na kila asubuhi Mama analia upya.

Kuzivua hataki, anauma watu mikono. Hatoki uani, mjane hatoki. Hali na wenzake, mezani pana wanaume. Nilipokwenda na suti yangu na sura yangu mwenyewe, alijifunika uso akageukia ukutani.

"Mtoeni huyu mwanamume! Hana haya, anaingia kwa mjane?"

Nikasema, "Mama, ni mimi Jaouad."

"Jaouad yuko shule," akasema. "Akirudi nitamwambia, na ana mkono mzuri wa kurusha mawe."

Nimemuuliza fakihi wa msikiti wetu tangu lini mume mmoja akakaliwa eda mara mbili. Alicheka kwanza, kisha alipoona sicheki akasema eda ilikwisha miaka minane iliyopita, avuliwe. Nikampeleka kwa Mama, naye akamjibu kwamba fakihi asiye na ndevu si fakihi. Kwa desturi unajua mjane anatolewaje eda, anaogeshwa na mwanamke wa kwao, anavuliwa nyeupe, anatiwa hina. Wanawake wa huku amewafukuza wote, anasema si watu wa Fes. Bahija alikwenda na beseni la maji, akarudi maji yote yako mwilini mwake.

Wewe ulimwingiza. Njoo umtoe.

Jaouad


Fes, 5 Mei

Jaouad,

Waalaikumu salaam, ingawa salamu hukuleta. Shangazi Hniya ametoka hospitali. Anakusalimu, na anasema Bahija angejifunza kwanza kushika beseni.

Umeniandikia kurasa mbili kunilaumu kwa kusema kweli. Ungelisema kweli tangu siku ya kwanza angelia mara moja tu, na ingekwisha. Eda ni miezi minne na siku kumi, sikuiweka mimi.

Lakini mimi si jiwe. Nitakuja. Nitamwogesha, nitamvua, nitamtia hina, na najua kwangu hatakataa, kwa sababu mikono hii anaijua. Sharti langu ni moja. Siku hiyo hiyo anapanda treni na mimi, anarudi kwake, na wewe uwe umeshaandika ruhusa kwa huyo Bi Wafae wako. Chumba nimekipaka chokaa. Godoro nimelitoa juani. Komeo la nje nimeling'oa, na usiniulize habari zake tena.

Bila hivyo, nyeupe na ikae. Afadhali awe mjane wa kweli kuliko mke wa uongo.

Zhor


Casablanca, 22 Mei

Zhor,

Unamfanyia biashara mama yako. Mama hatoki hapa.

Jaouad


Casablanca, 1 Julai

Kwa Dada Zhor,

Assalamu alaikum. Najua huko joto limechachamaa. Magoti yako vipi? Ilyas amefaulu mtihani. Shangazi Hniya nimempigia simu mwenyewe, tumegombana, kwa hiyo ni mzima.

Hukuandika, nami sikuandika.

Mama amekonda. Anakula supu vijiko viwili, anasema mjane hashibi. Mimi namtazama kupitia kioo cha mlango, kama mwizi. Akiniona, anajifunika. Siku moja, na utacheka, cheka tu, nilishindwa nikaivaa jelaba ya Baba tena nikaingia. Alinitazama, akajitazama nguo zake nyeupe, akanitazama tena. Alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu. Alikuwa anaona mzuka. Akaanza kunisomea dua za kufukuza wafu, mimi mwanawe, mpaka nikatoka kinyumenyume.

Jelaba nimeikunja, utaipata pamoja na barua hii.

Umeshinda. Ruhusa nimeiandika, iko kwa Bi Wafae. Nenda umtoe eda, umchukue, umpeleke Fes. Umlaze kwenye chumba chako cha chokaa. Ila mvue hiyo nyeupe, Zhor, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya. Siku utakayokwenda mimi sitakuwapo. Sitaki kukuona.

Jaouad


Fes, 20 Julai

Kwa mdogo wangu Jaouad,

Assalamu alaikum, wewe na Bahija na watoto. Ilyas mwambie shangazi yake anampongeza. Jelaba imefika. Ina tundu la sigara kwenye mkono, na Baba hakuvuta sigara hata siku moja. Nitaitia kiraka.

Sikumchukua. Usifurahi, na usidhani nimekusamehe, maana hata nusu yake sijakusamehe. Karatasi ya ruhusa nimeichana mbele ya Bi Wafae, na akaanza kunibembeleza kwa ile sauti yake, nikamwambia aiweke kwa wanaoihitaji.

Ijumaa nenda. Bi Wafae amenipigia simu, anasema ameanza kutoka uani, anakula na wenzake, na yule karani wa meli amemwahidi nafasi ya kukaa dirishani. Nenda na uso wako na nguo zako. Ukifika akikuuliza wewe ni nani, mjibu atakavyopenda yeye. Mimi sitauliza umejibu nini.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kisha tusiizungumze tena, wala kwa barua wala ana kwa ana.

Nilikwenda Jumatatu. Nilibeba sabuni nyeusi, udongo wa nywele, hina, kaftani yake ya kijani aliyovaa siku ya harusi yako, na tiketi mbili za kurudia. Wakanipa bafu lao, wakafungulia maji ya moto mpaka mvuke ukajaa. Si hamamu ya mvuke ya kwetu, lakini nimeona mbaya zaidi. Nikajifunga taulo kiunoni, nikakunja mikono ya nguo, nikaingia na ndoo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na nyeupe zake, mdogo, Jaouad, hukuniandikia kwamba amekuwa mdogo hivyo. Akanitazama. Nilikuwa nangoja aniite jina langu. Nilikuwa na uhakika ataniita.

Akasema, "Wewe ndiye msuguaji wa hamamu?"

Mimi, ambaye nimekutukana miezi sita kwa ajili ya uongo. Nilisimama na zile ndoo mpaka mikono ikauma.

"Ndiye mimi, Lalla," nikasema.

"Eda imekwisha?"

"Imekwisha."

"Nani ameihesabu?"

"Nimeihesabu mimi."

Kwa hesabu ya tangu ile Ijumaa, zilikuwa bado siku. Wewe unajua na mimi najua. Yeye akainua mikono juu kama mtoto, nikamvua. Nikamsugua polepole, ngozi yake imekuwa nyepesi, nikaogopa. Nikamwosha nywele. Akaanza kuimba kidogo, ule wimbo wa kumenyea lozi, akakosea maneno pale pale anapokosea siku zote. Nikamvika kaftani, nikamtia hina viganjani. Akanisifu mkono wangu, akasema Mungu anijaalie watoto. Kisha akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Fes.

Hapo akaacha kuimba. Akanishika mkono kwa hina yake mbichi, akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza, akashusha sauti.

"Nina binti huko Fes," akasema. "Anaitwa Zhor. Ukimwona usimwambie kwamba nimevua kabla ya siku zangu. Mkali yule. Atanifungia mlango."

Nikamwambia, "Sitamwambia, Lalla."

Zhor